Malalamiko kuhusu huduma ya giaboksi niliyoilipia lakini haikufanywa

Mombasa,
14 Aprili 2025.

Kwa Meneja wa Huduma,
Idara ya Matengenezo ya Magari.

Bwana/Bibi,

KUH: MAFUTA YASIYOFAA NA FILTA ISIYOBADILISHWA KATIKA GIABOKSI YA VOLKSWAGEN GOLF GTI YA MWAKA 2011

Ninawaandikia kulalamika rasmi kuhusu huduma ambayo karakana yenu ilinitoza shilingi 32,000 mwezi Februari mwaka huu. Ankara yenu inaiita "huduma kamili ya giaboksi otomatiki", ilhali mafuta yaliyotiwa siyo yanayotakiwa na giaboksi hii, kiasi chake hakikutosha, na filta iliyoorodheshwa kuwa mpya haikuwahi kufungwa. Gari lilipoanza kusumbua nikalirejesha kwenu, na mshauri wenu wa huduma akanijibu kwamba magari madogo yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu) huziua giaboksi zake yenyewe, kwamba hakuna tiba, na kwamba heri nianze kutafuta giaboksi iliyotumika kutoka Japani, ambayo ninyi mngenifungia kwa bei nafuu. Jibu hilo silikubali hata kidogo, na sababu zangu nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa ndizo msingi wa madai yangu yote.

Giaboksi iliyomo katika gari hili ni ya gia sita yenye klachi mbili, ile ambayo mtengenezaji huiita DSG na ambayo mafundi huijua kwa namba DQ250. Imekuwa sokoni tangu mwaka 2003, kwa hiyo si kitu kigeni ambacho karakana inayotangaza utaalamu wa magari ya Ulaya inaweza kudai kuwa haijawahi kukiona. Klachi moja hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya kurudi nyuma, na nyingine hushughulikia ya pili, ya nne na ya sita, na zote mbili huzunguka ndani ya mafuta. Mafuta hayo hayo hulainisha meno ya gia na beringi, hupoza sahani za klachi, na hubeba shinikizo ambalo kitengo cha mekatroniki, yaani kompyuta na vali zinazoiendesha giaboksi, hulitumia kufunga klachi na kusogeza gia. Zaidi ya hayo, ndiyo yanayoamua sahani zinashikana kwa kiasi gani pale zinapokutana. Ndiyo maana mtengenezaji ametaja mafuta maalumu, yenye namba G 052 182, wala hakuacha nafasi ya kutia mafuta yoyote ya otomatiki yaliyopo dukani. ATF, yaani mafuta ya kawaida ya giaboksi otomatiki, imetengenezwa kwa ajili ya otomatiki za aina nyingine, ambazo huunganishwa na injini kwa msukumo wa mafuta, na viambata vyake vya msuguano havikukusudiwa klachi za namna hii.

Kuhusu turbo, naomba niseme wazi kwamba hoja ya mshauri wenu haina msingi. Injini ya gari hili, yenye ujazo wa lita 2.0, hutoa nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 280, na giaboksi ya DQ250 imeundwa kuhimili hadi nyutoni-mita 350. Programu ya injini haijawahi kuguswa ili kuongeza nguvu, na mashine yenu ya uchunguzi ingeweza kulithibitisha hilo kama mngelipima gari kabla ya kulihukumu. Ni kweli kwamba turbo huleta nguvu hiyo yote mapema, kuanzia mizunguko 1,700 hivi kwa dakika, na hivyo klachi hulazimika kushika mzigo mkubwa wakati gari bado linakwenda polepole, jambo ambalo huzalisha joto. Lakini hiyo ni sababu ya kuyachunga mafuta kwa makini zaidi. Haiwezi kuwa sababu ya kuikatia tamaa giaboksi nzima. Mtengenezaji aliagiza mafuta na filta vibadilishwe kila kilomita 60,000 akijua fika kwamba injini yake ina turbo, na agizo hilo ndilo lililonileta kwenu, kabla gari halijaonyesha dalili yoyote ya ugonjwa.

Gari lilipotoka mikononi mwenu, halikuchukua muda kabla ya kuanza kushtuka linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, hasa katika msongamano wa Makupa hadi Changamwe, ambako mtu husogea hatua kwa hatua. Kisha gia ya kurudi nyuma ikaanza kuchelewa: unaweka R, unaachia breki, gari linasimama kimya kwa muda, halafu linaruka. Jambo lililonitia hofu zaidi lilitokea kwenye mpando wa Mazeras, nikiwa katikati ya malori ya makontena yanayotoka bandarini. Nilipokanyaga mafuta, sindano ya mizunguko ilipanda lakini mwendo haukuongezeka, na taa ya kuonyesha gia kwenye dashibodi ikaanza kumweka. Lori lililokuwa nyuma yangu lilikuwa limeshakaribia mno. Nilikuwa na wanangu garini. Naomba msilichukulie suala hili kuwa ni la starehe ya dereva tu, kwa sababu gari linalopoteza nguvu ghafla kwenye barabara ya Mombasa hadi Nairobi linaweza kuua watu.

Baada ya kukataliwa kwenu, nililipeleka gari kwa fundi mwingine ambaye huzishughulikia giaboksi hizi, nikamwomba afanye kila hatua mbele ya macho yangu na apige picha. Alianza na kipimo cha kiwango cha mafuta, ambacho katika giaboksi hii hakipimwi kwa kijiti. Injini huachwa iungurume bila kukanyagwa mafuta, gari likiwa sawasawa juu ya lifti, na joto la mafuta husomwa kwa kompyuta. Likifika kati ya nyuzi 35 na 45 za selsiasi, nati ya chini hufunguliwa, na mafuta yanayozidi kimo cha kibomba kilichomo ndani yake hudondoka yenyewe. Kiwango kikiwa sahihi, lazima matone yatoke. Tulifungua nati katika nyuzi 40, na halikutoka hata tone moja.

Alipokiondoa kile kibomba, mafuta yaliyomwagika yalikuwa na wekundu uliochafuka. Mafuta aliyoyataja mtengenezaji ni ya rangi ya manjano iliyokoza na hayawi mekundu hata yakizeeka. Halafu akaondoa betri na sinia lake ili aifikie filta, ambayo imekaa juu ya giaboksi ndani ya kikombe cha plastiki. Kikombe hicho kilikuwa kimegandwa na vumbi jekundu kuanzia kwenye kingo hadi kwenye kichwa chake cha kufungulia, na hapakuwa na mkwaruzo wala alama ya spana mahali popote. Mtu anayeweka spana ya milimita 24 juu ya kichwa kile hawezi kuliacha vumbi lile likiwa halijaguswa. Filta iliyotoka ndani ilikuwa nyeusi, karatasi yake imelegea, na muhuri wake wa mpira umekuwa mgumu. Hiyo ndiyo filta ambayo ankara yenu inaniambia ilikuwa mpya mwezi Februari.

Hata bila picha hizo, ankara yenu ingetosha. Mmeandika "ATF lita 4". Kubadilisha mafuta ya giaboksi hii pamoja na filta kunahitaji lita tano na zaidi kidogo, na ndiyo maana maduka ya vipuri huuza seti ya huduma hii ikiwa na chupa sita za lita moja moja. Aliyetia lita nne na kufunga nati hakufuata utaratibu wa kupima kiwango, kwa kuwa utaratibu huo ungemwonyesha pale pale kwamba mafuta yamepungua. Vilevile hakuna mahali palipoandikwa kwamba klachi zilipangiwa upya kwa kompyuta baada ya kazi. Kitengo cha mekatroniki hujifunza na kukumbuka mahali ambapo kila klachi huanza kushika, na fundi anayeijua kazi yake huiagiza kompyuta ijifunze upya baada ya mafuta kubadilishwa. Hatua hiyo ikirukwa, na huku mafuta yenyewe ni ya aina nyingine, mishtuko niliyoieleza ni jambo la kutarajiwa.

Mshauri wenu aliniambia pia kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha, na kwamba huenda kuyagusa ndiko kulikoleta matatizo. Sielewi namna kampuni inavyoweza kunitoza kwa kubadilisha mafuta mwezi Februari, kisha mwezi Machi ikaniambia kwamba mafuta hayo hayabadilishwi. Mji huu una joto kali na misongamano isiyokwisha, na klachi hizi zinapotelezeshwa kidogo kidogo kwenye foleni ya Nyali au ya kivuko cha Likoni, chembe za sahani na za chuma huingia katika mafuta na kunaswa na filta hadi ijae. Katika mazingira kama yetu, kilomita 60,000 ni kikomo ambacho mimi nisingependa kukivuka hata kwa siku moja.

Kwa kuwa niliulizwa pia jinsi ninavyoendesha, nitajibu. Nikisimama kwenye foleni hukanyaga breki sawasawa, kwa sababu hapo ndipo klachi hufunguka kabisa na kupumzika. Siachi gari lijisukume huku nimeigusa breki kidogo tu. Sishikilii gari kwenye mteremko kwa kukanyaga mafuta. Kwenye mipando mirefu hutumia hali ya kuchagua gia kwa mkono, ili kompyuta isiende ikirudi kati ya gia mbili huku mzigo ukiwa mkubwa. Kipozea mafuta cha giaboksi hii hutumia maji ya injini, kwa hiyo mfumo wa kupoza injini nimeutunza kwa bidii ileile, na maji yake ya rangi ya kupozea hubadilishwa kwa wakati na hayachanganywi na maji ya mfereji. Sijui ni kitu gani kingine ambacho mwenye gari angefanya ili giaboksi yake idumu, isipokuwa kuipeleka kwa karakana inayoaminika kwa ajili ya mafuta mapya, na hilo nalo nililifanya.

Kwa sababu hizo, ninadai mnirudishie shilingi 32,000 zote, kwa kuwa hakuna sehemu ya kazi ile iliyofanywa inavyostahili. Ninadai pia mlipe gharama ya kuyamwaga mafuta yenu, kuisafisha giaboksi, na kutia mafuta sahihi pamoja na filta mpya, kazi ambayo tayari imefanywa na ambayo stakabadhi zake nimeziambatisha. Mishtuko imepungua sana baada ya kazi hiyo, lakini gia ya kurudi nyuma bado huchelewa injini ikiwa baridi, na kwa kuwa klachi ya gia hiyo ndiyo pia ya gia ya kwanza, ninataka sahani zake zikaguliwe na fundi tutakayekubaliana sote wawili, kwa gharama yenu. Ikibainika kwamba zimeungua au zimelika, mzigo wa kuzibadilisha utakuwa wenu. Ofa ya giaboksi iliyotumika siitaki. Giaboksi isiyojulikana ilitunzwaje, iliyokaa ghalani na mafuta yake ya zamani, haiwezi kuwa fidia ya ile niliyoitunza mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwangu ni zito kama fedha. Katika kitabu cha huduma cha gari hili mmepiga muhuri kuthibitisha kwamba mafuta na filta ya giaboksi vilibadilishwa. Maelezo hayo si ya kweli, na mtu yeyote atakayelinunua gari hili baadaye atayategemea. Ninataka barua rasmi yenye nembo ya kampuni inayoubatilisha muhuri huo na kueleza ni mafuta gani yaliyotiwa, kwa jina la bidhaa. Tena nawasihi muwapigie simu wateja wengine wenye DSG waliopata "huduma kamili" kwenu katika kipindi hicho, kwa kuwa kama mafuta ya pipa moja yanatiwa kila gari, basi wapo wengine wanaoshtuka barabarani bila kujua chanzo chake, na huenda baadhi yao wameshaambiwa wanunue giaboksi nyingine.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 imetungwa kuzitekeleza haki hizo. Ningependa tumalize jambo hili ofisini kwenu. Nisipopata jibu la maandishi kufikia tarehe 5 Mei 2025, nitawasilisha dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na nitapeleka nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeambatisha nakala ya ankara yenu, stakabadhi za fundi wa pili, ripoti ya kompyuta yenye tarehe na viwango vya joto, na picha za kikombe cha filta kabla hakijafunguliwa. Filta yenyewe ninayo, na mafuta yaliyomwagwa nimeyahifadhi katika chupa mbili safi zilizofungwa. Moja nitawakabidhi mkitaka kuyapima wenyewe, na nyingine itabaki kwangu.

Wako mwaminifu,

Mwenye gari.