Nyuma ikigonga, usikimbilie shokapu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye Land Rover 110 za zamani, zile za springi za koili zilizoanza kutoka mwaka 1983, ambazo bado zinabeba abiria, saruji na wagonjwa kwenye barabara za vumbi. Gari hili likizeeka, nyuma huanza kugonga, na ukiachia mafuta kwenye mwendo linavuta upande kama kuna mtu mwingine ameshika usukani. Dawa inayotolewa haraka ni shokapu mpya. Wiki ya tatu kelele imerudi, na mwenye gari anaambiwa sasa tatizo ni difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu.

Shokapu haishiki ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Inatuliza springi tu, na kwenye 110 hata springi zenyewe hubeba uzito bila kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kazi hiyo ni ya mikono miwili ya chini, kila mmoja ukiwa na bushi (kiungo cha mpira ndani ya chuma) upande wa chesisi na bushi upande wa ekseli, pamoja na fremu ya A iliyo juu. Miguu miwili ya fremu hiyo inakaa kwenye chesisi kwa bushi, na ncha yake imefungwa juu ya ekseli kwa boli jointi moja, yaani kiungo cha tufe. Jumla ni bushi sita na boli jointi moja, na ukisikia ekseli imelegea, mara nyingi mwizi yumo ndani ya hao saba.

Bushi ya mkono wa chini ikichanika upande mmoja, ukikanyaga mafuta ncha ile ya ekseli inasogea mbele, ukiachia inarudi. Maana yake ekseli inakaa mshazari kwa muda, na gari linapigwa usukani kutoka nyuma. Hakuna mtu wa kupima mstari wa magurudumu ya mbele atakayeponya hilo.

Jaribio la kwanza halihitaji spana hata moja. Tafuta mahali tambarare pasipo na watu, tembeza gari mwendo wa mtu anayetembea, kanyaga klachi hadi chini, kisha gusa breki ya mguu kwa mkato. Rudia ukienda kinyumenyume. Klachi ikiwa chini, injini haivuti wala haizuii propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), ila breki bado inaisukuma ekseli nzima dhidi ya mikono yake. Ukisikia "ko!" hapo, shuku bushi na boli jointi. Kama breki iko kimya na mlio wa kugonga unasikika tu unapoachia klachi au kubadili kati ya kuvuta na kuachia mafuta, anza na krosi za propela (viungo vyake vya msalaba), meno ya hafu shafti (shafti inayotoka difu hadi gurudumu), flanji za habu (kitovu cha gurudumu), na difu mwisho kabisa. Vumbi jekundu la kutu likitoka kwenye kifuniko cha plastiki katikati ya habu, meno ya flanji yamekauka na yanalika.

Kabla ya jeki, neno kuhusu breki ya mkono, maana hapa ndipo mtu anapoumia. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya gia boksi ndogo, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke hewani na lile lililobaki chini linakuwa huru. Gari linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, funga difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), na usiingize kichwa chini bila stendi za chuma. Tofali si stendi.

Ukishaweka usalama, anza na kitu ambacho wengi wanakiona cha kitoto: nati za ringi. Ziko tano kila gurudumu, za spana ya milimita 27. Ringi ya chuma ikikimbia nati zikiwa zimelegea, matundu hutanuka, na kuanzia hapo hakuna nguvu ya mkono itakayoituliza. Rangi ikiwa imechubuka kuzunguka nati au kutu inachuruzika kutoka kwenye tundu, ringi hiyo imekwisha.

Halafu jaribio la chaki. Gari likae kwa magurudumu yake, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, kabari zikiwa umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye tairi. Chora mstari unaokatiza flanji ya propela na pua ya difu, na mingine inayokatiza kila mkono na kikalio chake. Watu wawili walisukume gari mbele na nyuma. Wa tatu aangalie kutoka ubavuni. Gurudumu likizunguka kidogo huku ekseli imetulia, mchezo, yaani ulegevu, uko ndani ya propela na difu. Pua ya difu ikipanda na kushuka, au ekseli nzima ikisogea kuelekea chesisi na kurudi, umepata jibu. Mpira ni mpira, lazima unyumbuke kidogo. Kinachotafutwa ni mruko: kitu kinatulia, kisha kinaruka na kugonga.

Sasa chukua mtaimbo. Uingize kati ya ncha ya fremu ya A na kikalio chake juu ya ekseli, nyanyua, na mwenzako aweke kidole kwenye boli jointi. Ikipanda na kushuka kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, haina maisha. Kifuniko cha mpira kilichopasuka peke yake si hukumu, lakini vumbi na maji vimeshaingia na siku zake zinahesabika. Angalia pia nati yake yenye meno na pini inayoizuia isifunguke. Nati ikiwa imelegea, usiikaze ukaondoka: fungua utazame tundu. Shina la boli jointi hupungua unene kuelekea ncha na hukaa kwa kubana. Tundu likishakuwa la yai, hata boli jointi mpya italegea. Na tafadhali, safisha tope kwanza, kwa sababu nyufa kwenye vikalio vya ekseli na kutu ya chesisi hujificha humo.

Mikono ya chini nayo ipimwe kwa mtaimbo, upande wa chesisi na upande wa ekseli. Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, nyoosha magurudumu ya mbele na upime kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia. Kipimo cha kiwandani ni inchi 110, yaani milimita 2,794. Jina la gari ndicho kipimo chake. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, sisi huwa hatuendelei kubisha: bushi zinatoka.

Likibaki gurudumu lenyewe, liinue, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ya mguu na ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, tazama bolti zinazofunga stabu ekseli, yaani shina ambalo habu inazungukia. Habu ya zamani ina nati mbili za milimita 52 na washa ya kukunja katikati. Wengi huzifungua na kuzifunga kwa tindo na nyundo, ndiyo maana beringi mpya haimalizi msimu. Tumia boksi spana. Nati ya ndani ifungwe hadi Nm 61 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) huku habu ikizungushwa ili beringi zikae, irudishwe nyuma robo ya mzunguko, kisha ifungwe tena kwa Nm 4 tu. Nm 4 ni kama kugusa kwa kidole. Ukikaza zaidi beringi inaungua, na sili nayo inaachia oili kuingia kwenye breki. Habu za miaka ya mwisho zina nati moja na bomba la nafasi katikati. Hizo zina utaratibu wake, usichanganye.

Kwenye kubadilisha bushi kuna makosa mawili yanayorudiwa kila siku. La kwanza, fundi anachoma mpira, anautoa, na kuliacha koti la chuma la nje ndani ya mkono. Bushi mpya inagoma kuingia, inasagwa kwa grainda, na hapo imeshaharibika. Koti lazima litoke, na bushi iingie kwa presi. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: kukaza nati za mwisho ekseli ikiwa inaning'inia. Mpira unafungwa ukiwa katika pembe hiyo, gari likishushwa unabaki umejisokota, na unachanika mapema. Ingiza bolti zote, shusha gari likae kwa uzito wake, tikisa mara kadhaa, ndipo ukaze: nati za mikono ya chini, za bushi za fremu ya A na ya boli jointi, zote ni Nm 176. Nati za kujibana ziwe mpya. Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa sifa nyingi huingia kwa urahisi, hilo kweli, lakini kwenye barabara ya mawimbi zinapeleka mtetemo wote kwenye chesisi. Kwa gari la kazi tunapendekeza mpira.

Wenye Land Rover 109 ya springi za majani, au Land Cruiser za aina hiyo, hawana fremu ya A. Kwao mtuhumiwa wa kwanza ni yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Zikilegea, ekseli inateleza juu ya springi hadi senta bolti (inayoshika majani ya springi pamoja) inakatika, na gari linakwenda mshazari kama kaa. Dalili ni chuma kilichong'aa kati ya springi na kikalio chake. Yubolti iliyokwishavutika haikazwi upya, inabadilishwa. Na baada ya kilomita 500 za kwanza zirudiwe zote nne, gari likiwa chini.

Ni sisi mafundi wa magari ya porini,
Arusha.