Kabla Hamjachoma Mafaili ya Zamani ya Kampuni

Makampuni makubwa ya Tanga hutuita sisi watunza nyaraka wakati stoo yao ya mafaili inahitajika kwa kazi nyingine. Mhasibu ameshapiga hesabu: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka zitunzwe miaka 5, kwa hiyo chochote kilichozidi hapo kichomwe. Tunawaomba wasubiri kidogo. Miaka 5 inamtosha mkaguzi wa kodi, lakini historia ya kampuni haihesabiwi hivyo.

Tazama mkonge. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yaliyotokana nayo yalipita kwa wakoloni, mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha yakabinafsishwa. Anayenunua shamba huuliza ardhi, korona (mashine za kuchakata mkonge) na magari. Ni nadra aulize masijala, na humo ndimo zimo ramani za mipaka, mikataba na daftari za vipande, yaani kadi za kazi. Manamba, kibarua wa shamba la mkonge, alijaziwa kipande kwa siku 30 za kazi. Huenda daftari hilo ndilo karatasi pekee duniani yenye jina lake, na wajukuu zake wapo Muheza na Korogwe hadi leo. Kwetu sisi, hilo peke yake linatosha kulizuia lisiende motoni.

Wenzetu wa nje walianza mapema. Krupp, kampuni ya chuma ya Ujerumani, ilianzisha hifadhi yake ya historia mwaka 1905, na Firestone, kampuni ya matairi ya Marekani, iliajiri mtunza nyaraka mwaka 1943.

Tukifika hatuhamishi kitu kwanza. Mpangilio wa karani wa zamani, hata ukionekana wa ovyo, unaeleza barua ipi ilijibu ipi, ukishauvuruga haurudi. Tunaandika orodha, ndipo tunang'oa pini zilizoshika kutu, tunapangusa vumbi na kuweka karatasi kwenye maboksi yasiyo na asidi. Hewa ya bahari ndiyo adui mkubwa hapa: unyevu huleta ukungu, na mchwa hufuata boksi lililowekwa sakafuni. Inueni maboksi, yasiguse ukuta. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinaweza kudhuru kuliko chumba chenye joto lisilobadilika.

Na tafadhali, msipeleke hati za zamani zikapigwe lamineshini! Plastiki ile huyeyushwa juu ya karatasi, na kuibandua bila kuiharibu hati ni kazi ngumu mno. Risiti za mashine zinazochapwa kwa joto zinakiliwe mapema, maana maandishi yake hufifia.

Nyaraka tunaziskani kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na nakala tunaziweka sehemu tatu, moja nje ya jengo. Hati halisi hubaki. Skani haichukui nafasi yake.

Picha zina haraka kuliko vyote. Picha ya wafanyakazi wa karakana isiyo na majina inahitaji mzee aliyekuwepo, na wazee wanatuacha. Mwalikeni mstaafu, mpeni chai, andikeni anachosema nyuma ya picha kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino.

Ukaguzi wa kwanza tunaufanya hapo hapo stoo kwenu. Mafaili ya wafanyakazi yanabaki chini ya ufunguo wa ofisi yenu, na hakuna jalada linalotoka getini bila mkuu wa masijala kusaini.