Mwanangu, mizani haijui tumbo lako liko wapi

Mpwapwa

Mwanangu Mika,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba baba. Huku hatujambo, mvua zimegoma lakini mtama wa kule bondeni umesimama.

Picha ya mizani uliyonitumia nimeiona. Kilo 70, urefu sentimita 170, na simu imekupigia hesabu ikatoa 24.2, rangi ya kijani, uzito wa kawaida. Ukaongeza na vikatuni vya kucheka, eti mama usiniite bonge tena, ushahidi huo. Haya, sikuiti. Mimi kilo zako hazijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni hilo tumbo, na mizani haina habari nalo.

Nimekaa kliniki ya presha na sukari miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye cherehani, na kazi zote mbili zinakutana kwenye kiuno cha mtu. Kwa hiyo nisikilize kama mama, na kama hutaki, basi nisikilize kama fundi.

Hiyo hesabu ni rahisi: kilo zako gawa kwa urefu wako wa mita, jibu gawa tena kwa urefu huohuo. Ilianza miaka ya 1830 kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa hisabati na nyota. Alitaka kujua binadamu wa wastani yukoje. Wagonjwa hakuwa na habari nao. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakailinganisha na hesabu nyingine, wakaona kwa makundi makubwa ya watu inafaa na haina gharama, wakaipa jina la BMI. Kwa makundi, kweli inafaa. Lakini kuli wa soko la mahindi Kibaigwa, anayeshusha magunia tangu alfajiri, na karani wa ofisini kwenu wanaweza kutoka na namba moja. Mmoja ni misuli, mwingine ni kitambi.

Na ile asilimia ya mafuta mizani yako iliyoandika pembeni, usiibebe sana. Inapitisha umeme mdogo mno kutoka unyayo mmoja kwenda mwingine. Maji ya mwilini yanaupitisha, mafuta yanauzuia, nayo inakisia kutokana na hapo. Ukipanda umetoka kwenye jua la saa nane hujanywa maji, itasema lake. Ukipanda asubuhi, itasema lingine. Tena kwa mizani ya kusimama tu, umeme wenyewe unapita zaidi miguuni, na mimi sikuuliza habari za miguu.

Maana mafuta yana makazi, baba. Daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, Jean Vague, aliliandika hilo mwaka 1947: wanaonenepa juu, tumboni, ndio waliomjia na kisukari na magonjwa ya mishipa, kuliko wanaonenepa chini, mapajani na makalioni. Mafuta ya mapaja yako chini ya ngozi, yametulia, yanahifadhi kilichozidi. Yale ya ndani ya tumbo yameuzunguka utumbo, na damu inayotoka huko inaingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Basi ini linapokea mafuta mchana na usiku. Likizidiwa, linanenepa lenyewe, linaanza kumwaga sukari na mafuta kwenye damu hata wakati hayahitajiki. Insulini, ile homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu, ipo lakini haisikilizwi, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, na kwa wengine mwisho linashindwa. Hapo ndipo sukari, presha na mafuta mabaya ya damu yanapoanza kutembea pamoja, na moyo ndio unaolipa.

Sasa kiuno. Kwa ile suti ya harusi ya rafiki yako umenitumia kiuno inchi 33. Mwanangu, hizo ni inchi za mkanda! Wanaume wote mnafanya hivyo. Tumbo likianza kuja, mkanda unashuka chini yake, unakaa pale kwenye mifupa, na mtu anavaa saizi ileile miaka kumi huku anajisifu hajabadilika. Mimi nawajua kwa suruali zenu. Mbele pindo la kiunoni limekunjika kwenda nje kwa kusukumwa, kitanzi cha mkanda kimevutika kwenda chini, nyuma kitambaa kinaning'inia kwa sababu makalio yamekwisha. Nikiona suruali ya hivyo mezani, mwenyewe hata sijamwona, najua nitakachokikuta. Wewe nilikupima mwenyewe Pasaka, kwenye daftari imo: kiuno 36, nyonga 38.

Mjomba wako wa Kongwa suruali zake zilikuwa hivyohivyo. Mwembamba mtu yule, miguu kama fito, uzito wake kila kliniki unaandikwa sawa. Tumbo lake alilifunika kwa koti, na watu wakamwambia mambo yake si mabaya. Presha aligundulika nayo siku alipoanguka kiharusi, na mkono wa kulia mpaka leo haushiki jembe. Sisemi tumbo peke yake ndilo lililomwangusha, chumvi nayo ilikuwepo na sigara ilikuwepo. Ila hakuna aliyewahi kumzungushia futi ya fundi kiunoni. Na hayuko peke yake: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu robo wana presha ya juu, na wengi walikuwa hawajui.

Utaniuliza, inchi 36 ni mbaya kiasi gani? Hapa wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Inchi 36 ni sentimita 91. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwanamume hatari inaanza kupanda akipita 94, na inakuwa kubwa akipita 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kwa hesabu hiyo umepona, bado sentimita tatu. Lakini namba hizo zilitokana na miili ya Wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipofika kwetu, kusini mwa Sahara, lilisema tu tumieni za Ulaya mpaka zenu zipatikane. Baadaye watafiti wakakusanya takwimu za nchi kadhaa za Afrika, wakaona alama za hatari zinaanza kujikusanya kwenye sentimita 81 hivi, mwanamume na mwanamke karibu sawasawa. Kwa hiyo leo kwa kipimo kimoja umefaulu, kwa kingine umefeli kwa sentimita kumi.

Mimi ninachokipenda ni kingine, nacho hakina Mzungu wala Mgogo: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Uingereza walikiweka kwenye mwongozo wao wa afya mwaka 2022. Urefu wako ni inchi 67, nusu yake 33 na nusu. Wewe una 36. Na kiuno ukikigawa kwa nyonga, 36 kwa 38, unapata 0.95 hivi, wakati mpaka wa mwanamume ni 0.90. Kipimo hicho usikidharau. Utafiti wa INTERHEART, uliochukua watu kama 27,000 katika nchi 52, Afrika ikiwemo, ulikuta kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unahusiana na shambulio la moyo kuliko BMI. Utafiti huohuo ndio ulionyesha nyonga pana inakwenda na hatari ndogo. Hivyo dada yako mkimtania makalio, mjue anawazidi.

Usije ukaingiwa na hofu, lakini. Futi haitoi hukumu ya mtu mmoja. Inasema kwamba kati ya watu wenye kiuno kama chako, wengi zaidi wataugua. Wewe ni yupi kati yao, damu ndiyo itakayosema. Ndiyo maana nataka upimwe, bima unayo na hospitali ziko hapo mjini. Nenda asubuhi hujatia kitu mdomoni, chai ya mkwe wangu isubiri. Sukari ya kufunga ikiwa chini ya 5.6 nitafurahi; ikifika 7 watarudia siku nyingine kuhakikisha. Omba na mafuta ya damu, yale wanayoyaita traigliseridi, yasifike 1.7. Presha isifike 130 kwa 85, na upumzike dakika tano kwenye kiti kabla hawajakufunga kile kitambaa, usipimwe unahema.

Kwenye kula sitaki kukuchosha. Nyama ya mnadani Msalato sikukatazi, Jumamosi ni Jumamosi. Ninachogombana nacho ni soda mbili zinazoisindikiza, na ile supu na chapati tatu za kila asubuhi kabla ya basi la Mtumba, halafu kukaa kitini mpaka jioni. Mlenda na ugali wa uwele uliokulia hapa hukuwahi kuvichoka ukiwa mwanafunzi, sasa hivi eti ni chakula cha wageni wa kijijini. Mazoezi ya kulala chali na kujikunja nayo acha kuyategemea. Yanakaza misuli ya tumbo, mafuta yaliyo nyuma yake hayayagusi. Tembea. Kutembea kwa haraka mpaka jasho likutoke, siku nyingi za juma, kunayapunguza mafuta ya ndani hata pale ambapo mizani haijasogea. Kwa hiyo usije ukanitumia tena picha ya kilo ukasema mama, sioni mabadiliko.

Kupima kwenyewe ni hivi. Vua shati. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho pembeni, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, katikati yake ndipo futi inapopita. Simama wima, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani kama unapigwa picha. Futi ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kubana. Mkwe wangu akushikie upande wa mgongoni, na wewe umshikie naye, mama wa watoto wawili asikae nje ya hesabu.

Baba yako anakusalimu sana. Naye nimempima jana, lakini amekataa kabisa nisiandike inchi zake humu, anasema kama unazitaka umpigie simu mwenyewe.

Mama yako