Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: nani anakaa chumba cha utafiti?

Ndugu Gavana,

Tangu Edwin Mtei akalie kiti hicho mwaka 1966, magavana wote wamekuwa wanaume. Hilo namwachia Rais, maana ndiye anayeteua. Nakuandikia kuhusu chumba usichohitaji ruhusa ya Ikulu kukibadilisha: kile cha wachumi na wasaidizi wao wa utafiti.

Msaidizi wa utafiti husafisha takwimu, huandaa majedwali, na mara nyingi jina lake halifiki kwenye jalada la ripoti. Lakini ndiye anayezoea kazi mapema, akapata wa kumwandikia barua ya kwenda kusoma uzamili, hata uzamivu, akarudi mchumi. Anayetaka kujua nani atashauri juu ya riba mwaka 2040 awatazame wasaidizi wa leo.

Tangu Januari 2024 mnaongoza sera ya fedha kwa Riba ya Benki Kuu, ile mnayoitangaza ili kuelekeza riba ambazo benki hukopeshana. Riba hiyo inamfikiaje mama anayelima mwani Paje, Zanzibar, ambaye mkopo wake unatoka kwenye kikoba? Minada ya korosho ikianza Mtwara na fedha zikamwagika kwa wakulima, bei ya mchele sokoni inakwendaje? Aliyekulia Newala, kwenye mikorosho, ana swali hilo kabla hajawasha kompyuta. Aliyekulia Mikocheni, Dar es Salaam, anaweza kulijibu vizuri tu, ila lazima kwanza limjie. (Simbezi mtu wa Mikocheni, nina ndugu huko.)

Mtasema ajira ni kwa sifa. Sawa. Ila sifa ya "uzoefu" hupatikana kwa kujitolea bila mshahara Dar es Salaam, na kijana wa Nachingwea asiye na shangazi wa kumpa chumba Sinza ameshatolewa kabla ya usaili. Mna ofisi Mtwara, Mwanza, Mbeya, Arusha, Dodoma na Zanzibar. Wekeni wasaidizi wa utafiti huko, kwa mkataba wenye mshahara, na tangazo lifike vyuo vikuu vya Dodoma (UDOM), Mzumbe na cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Kisha tuonyesheni hesabu: wanawake wangapi, ngazi kwa ngazi, na vyuo walikotoka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Kitengo cha utafiti kina wangapi? Mnaozidai benki zote taarifa za mahesabu yao hamwezi kushindwa kuhesabu watu wenu. Naomba jedwali hilo kwenye ripoti ya mwaka ijayo, hata likiwa la aibu.

Wako,
Mlipakodi, Mtwara