Shoga Yangu, Usiwauzie Ile Mashine

Tanga

Shoga yangu mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe pamoja na wajukuu. Mimi ni buheri wa afya, ila goti la kushoto bado linanisumbua nipandapo ngazi.

Barua yako imenifika, na iliyonishtua ni habari kwamba vijana wa vyuma chakavu wamekuja kuitazama ile Hoovermatic yetu, mashine ya kufulia nguo iliyomo stoo. Nakusihi usikubaliane nao bei kabla hujamaliza kusoma haya.

Wakumbuka tulivyoingia mara ya kwanza katika lile duka la kufulia kwa sarafu kule Bayswater, London, katika baridi ya mwanzo wa 1971? Wanafunzi wa uuguzi sisi, tuliozoea beseni na mche wa sabuni, tukasimama mlangoni tukizitazama nguo za watu zikipanda na kuporomoka ndani ya povu, nyuma ya vioo vya duara. Kila mashine ilikuwa imekazwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mashine za Bendix, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, hazikuwa na springi za kupunguza mtikisiko, hivyo isipofungwa chini mashine ilihama mahali pake ikikamua. Na kwamba duka la kwanza la namna ile nchini Uingereza lilifunguliwa mwaka 1949 pale pale mtaa wa Queensway, tulipokuwa tukipita kila siku bila kujua.

Kile kisahani cha chuma nakiona hadi leo. Unalaza sarafu katika matundu yake, unakisukuma kwa kiganja mpaka kigote, kisha unakivuta nacho kinarudi kitupu, na maji yanaanza kuingia. Tarehe 15 Februari mwaka ule Waingereza walipobadili hesabu ya fedha zao, tulihofu kwamba sarafu tulizoziweka kwenye kopo hazitafaa tena. Kumbe ile ya shilingi mbili na ile mpya ya peni 10 zilikuwa na ukubwa mmoja, na mashine ikazipokea zote.

Nami sijasahau kisa cha kanga yangu ya kisutu, ambayo mama alinipa siku ya safari. Niliitia katika maji ya moto pamoja na shati lako jeupe la pekee, na wekundu wote ukahamia kwako. Hukunisema hata kidogo. Ulilivaa lile shati la rangi ya waridi mpaka baridi ikaisha, na kila Jumamosi tuliendelea kukaa bega kwa bega mbele ya mashine za kukaushia, maana chumba chetu hakikuwa na joto kama lile. Sijapata kukushukuru kwa maandishi, basi pokea shukrani zangu sasa.

Ndiyo maana mwaka 1974, tulipochanga fedha tukainunua Hoovermatic ya mkono wa pili na wewe ukaja nayo kwa meli hadi Kilindini, sikuona kuwa tumenunua chombo cha nyumbani tu. Isitoshe, ilitufaa kuliko hizi za kisasa zinazodai bomba lenye nguvu. Uliijaza kwa ndoo, ukafua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi katika maji yale yale, ukizihamisha kwa koleo la mbao kutoka pipa la kufulia hadi lile la kukamulia. Siku ambazo mabomba yalikauka, majirani walikuja kwako na mabunda yao.

Mwite fundi aitazame. Huenda ni mkanda tu uliokatika. Na ikiwa nafasi ya stoo ndiyo shida, mwanangu atakuja na gari kupitia Lunga Lunga mwisho wa mwezi aichukue. Wale vijana waambie imekwisha pata mwenyewe.

Akupendaye daima,
Rukia