Malalamiko kuhusu safari ya boti ya Nakupenda na Changuu, Jumamosi tarehe 3 Januari 2026

Mbagala, Dar es Salaam
8 Januari 2026

Meneja,
Idara ya Safari za Boti,
Mji Mkongwe, Zanzibar.

Ndugu Meneja,

YAH: KUVUNJWA KWA RATIBA, VIFAA VIBOVU VYA USALAMA NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipia safari ya familia katika ofisi yenu ya Shangani. Nakala ya stakabadhi nimeambatanisha. Jioni ya siku ya safari niliwaandikia ujumbe wa simu kulalamika, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba maji kujaa ni kazi ya Mungu. Sina ubishi na hilo. Ratiba, hata hivyo, ni kazi yenu, na ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Karatasi mliyonipa inasema: kuondoka saa mbili asubuhi, kuteremka saa tatu kwenye Nakupenda, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, kuogelea na kula hadi saa sita, kisha kisiwa cha Changuu kuona kobe, na kurudi mjini saa nane. Kwa siku ile, hiyo ilikuwa ratiba nzuri kabisa. Mwezi ulikuwa mpevu, bahari imo kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, na aliyekulia pwani ya Unguja hahitaji kuambiwa kwamba siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa tele mnamo saa kumi alasiri. Aliyeipanga ratiba ile alijua bahari. Aliyeivunja naye aliijua, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Saa mbili kamili tulikuwa ufukweni: mke wangu, watoto, mdogo wangu na mama mkwe wangu, ambaye safari yote ilifanywa kwa ajili yake. Kijana wenu mwenye fulana ya kampuni alitutaka tusubiri "kidogo tu, bwana mkubwa", kwa kuwa kuna wageni wa hotelini wako njiani. Tulipandishwa botini tusubirie humo. Kaskazi ya Januari mnaijua. Turubai la kivuli lilikuwepo, limekunjwa chini ya kiti cha mbele, ila vyuma vya kulishikilia havikuwepo. Mbao za viti zilipata moto mpaka watoto wakakaa juu ya mifuko ya nguo. Katoni ya maji ya kunywa iliyokuwa "ya bure kwa wageni wote" iliisha kabla hatujang'oa nanga, na maji mengine tukauziwa na papasi, wale vijana wanaowafuata watalii, waliopita ufukweni, kwa bei wanayoijua wao.

Nahodha wenu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alimwambia yule kijana mara kadhaa kwamba wakati unakwenda. Tulipoondoka hatimaye ilikuwa saa tano kasoro robo. Mama mkwe alipomuuliza kama tutalikuta fungu, alijibu: "Mama, maji yashageuka. Twende sasa hivi moja kwa moja, labda tutalipata kidogo." Hatukwenda moja kwa moja. Wale wageni wa hotelini walitaka kobe kwanza, kijana akapiga simu ofisini, na ofisi ikasema Changuu kwanza. Nataka kujua ni nani aliyepokea simu ile.

Kuhusu Changuu sitasema mengi. Kobe ni wazuri, na watoto waliwafurahia. Lakini mlangoni tulidaiwa ada ya kuingia kisiwani, wakati karatasi yenu imeandikwa "kila kitu kimelipiwa". Nililipa, risiti ninayo. Mwongozaji wenu naye aliwaambia wageni kwamba maelfu ya wafungwa walifia katika gereza la kale la kisiwani. Gereza lilijengwa mwaka 1893, halikupata kufungwa mtu, likaishia kuwa karantini ya wagonjwa waliotoka melini. Ni jambo dogo kwenye malalamiko yangu, lakini mtu anayelipwa kueleza historia ya Zanzibar aijue. Na nanga isitupwe juu ya matumbawe, kama nilivyoona ikitupwa, kwani ni matumbawe hayohayo mnayotuuzia miwani ya kuyatazama.

Nakupenda tulifika saa nane na dakika kadhaa. Fungu lenyewe, ambalo kwenye picha zenu ni jangwa jeupe katikati ya bahari ya samawati, lilikuwa limebaki kipande chembamba ambacho watu wa boti tatu walikuwa wamesimama wakigusana mabega. Miti ya mahema ilikuwa imo majini. Wapishi wenu walikuwa wamebeba jiko lenye makaa, mmoja huku na mmoja huku, wakitafuta pa kulituliza, na kila walipoliweka wimbi lilikuja likazima upande mmoja. Pweza tuliyepewa alikuwa mbichi katikati. Mama mkwe alikalia kasha la barafu, kanga ameipandisha hadi magotini, sahani mkononi, na maji yakampita chini ya miguu. Hata nusu saa haikuisha, nahodha akatuita botini, na alifanya vyema. Tulipogeuka hapakuwa na mchanga tena.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umeshika na mawimbi yameanza kurusha maji ndani. Niliomba majaketi ya kuokolea maisha kwa ajili ya watoto. Yalitolewa chini ya ubao wa mbele, yamelowa, yananuka mafuta. Hakukuwa na la saizi ya mtoto hata moja. Nililomvalisha binti yangu lilikuwa limekatika kishikizo, mtu akaunga kwa mshipi wa kuvulia. Akiinua mikono tu, lilimvuka kichwani. Muda mfupi baadaye mashine ikazima. Nahodha alivuta kamba, akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akavuta tena, huku sisi tunayumba na boti ya Dar inatoka bandarini upande wetu. Mashine ya akiba hakuna. Redio hakuna. Simu ya kijana wenu ilikuwa imeisha chaji kwa kupiga picha.

Iliwaka, tukafika. Lakini sisi ni watu wa nchi iliyozika watu wa meli zilizozama, wa MV Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Skagit mwaka 2012. Mke wangu alilia njia nzima bila kutoa sauti ili watoto wasimwone. Hilo halimo kwenye stakabadhi na siwezi kulidai, ila nataka mlijue.

Mvua ingetunyeshea, nisingeandika. Upepo ungekataza boti kutoka, ningeshukuru na kurudi hotelini. Kupwa na kujaa kwa maji hujulikana mapema, huchapishwa kwenye majedwali ya mwaka mzima, na nahodha wenu alikuwa nayo kichwani. Mlichofanya ni kuuza saa ya fungu kwa familia yangu, kisha mkawapa wageni wengine saa hiyohiyo kwa sababu walitoka hoteli kubwa.

Kwa hiyo nadai kurejeshewa nusu ya nauli yote niliyolipa, pamoja na ada ya Changuu kamili kama risiti inavyoonyesha. Nadai pia mnieleze kwa maandishi ni lini majaketi ya boti ile yatabadilishwa, yakiwemo ya watoto, na kama ina cheti halali cha ukaguzi. Nahodha asikatwe hata senti kwa ajili ya barua hii. Nikisikia amekatwa, nitaandika nyingine.

Natarajia jibu ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea. Jina langu kamili na namba ya simu mnavyo kwenye fomu ya kuweka nafasi. Fedha zirudishwe kwa namba ileile iliyofanya malipo.

Wenu,
Mteja, safari ya tarehe 3 Januari

Nakala:
Kamisheni ya Utalii Zanzibar
Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar