Istabraq na taji lililozuiwa na ugonjwa wa ng'ombe

Mhariri,

Juzi mlisifu farasi wa mbio, lakini wa mbio za kuruka viunzi mkamsahau. Mimi nilikuwa saisi hapa Njoro miaka mingi, na kwangu bingwa ni Istabraq wa Ireland. Alitwaa Champion Hurdle, mbio kubwa za viunzi kule Cheltenham, Uingereza, 1998, 1999 na 2000. Mara ya kwanza aliacha wenzake urefu wa farasi 12! Mwaka 2001 mashindano yalifutwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo. Sisi wafugaji tunaujua: mnada ukifungwa, hata ng'ombe mzima hauzwi. Mwaka 2002 mpanda farasi wake, Charlie Swan, alimsimamisha baada ya viunzi viwili, watu wakamshangilia vilevile. Istabraq alikufa 2024, akiwa na miaka 32. Farasi wa umri huo mimi sijamtunza hata mmoja.

Saisi mstaafu,
Njoro, Nakuru